Fidhuli ofisini: pale uamuzi unapokosa sheria nyuma yake



Hakuna maneno yanayowanyamazisha watu wetu upesi kama haya matatu: amri kutoka juu. Mama mwenye genge la mboga huambiwa alivunje kabla ya adhuhuri, na akiuliza sababu hujibiwa kwa maneno hayo. Kamati ya madrasa huambiwa isimamishe ujenzi wa vyoo vya wanafunzi, na jibu ni hilohilo. Mzee huambiwa kwamba kiwanja alichokaa tangu ujana wake kimepangiwa matumizi mengine, na barua aliyopewa haina hata nambari ya kifungu. Pengine katika watatu hao mmoja kweli amevunja sheria na wawili wameonewa. Hatuwezi kujua kwa kusikia tu. Tunachojua ni kwamba wote huondoka wameinamisha vichwa bila kuuliza jambo ambalo mahakama ingeliuliza mwanzo kabisa: huko juu ni wapi, na ni sheria ipi iliyompa mtu huyo wa juu uwezo wa kuamuru hivyo?

Wiki hii safu yetu inahusu swali hilo. Wanasheria hulifikisha Mahakama Kuu kwa njia inayoitwa mapitio ya kimahakama, nayo si rufaa, ingawa wengi huzichanganya. Katika rufaa, mahakama ya juu inaweza kusema kwamba uamuzi ulikuwa mbaya na kuweka wake badala yake. Katika mapitio, jaji hajali sana kama uamuzi ulikuwa mzuri au mbaya, mpole au mkali. Anatazama namna ulivyofikiwa na mtu aliyeufikia. Mwaka 1984 nchini Uingereza, katika shauri la vyama vya wafanyakazi waliozuiwa na serikali kuwa wanachama wa vyama hivyo katika kituo cha mawasiliano ya kijasusi cha Cheltenham, jaji mmoja aitwaye Lord Diplock alizipanga sababu za mapitio katika mafungu matatu: uamuzi usio na uhalali wa kisheria, uamuzi usioingia akilini, na uamuzi uliofikiwa kwa utaratibu usio wa haki. Vyama vile vilishindwa, kwa kuwa serikali ilileta hoja ya usalama wa taifa. Lakini mafungu yale matatu yalivuka bahari, na leo husomwa katika hukumu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kana kwamba yalizaliwa huku. Sisi tunataka kukaa na fungu la kwanza tu, kwa sababu ndilo lililo rahisi kufahamika na ndilo linalosahauliwa zaidi majumbani.

Msingi wake ni huu. Raia na afisa hawasimami mahali pamoja mbele ya sheria. Raia anaruhusiwa kila kisichokatazwa. Hahitaji kifungu cha sheria ili apande mchicha, auze vitumbua au amfundishe mwanawe alifu kwa kijiti. Afisa wa umma, anapofanya kazi ya ofisi yake, amekatazwa kila asichoruhusiwa. Kila anaponyoosha mkono lazima nyuma ya mkono huo pawe na sheria. Waliosoma misingi ya fiqhi watalitambua jambo hili mara moja. Katika mambo ya kawaida na ya biashara asili ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza, lakini katika ibada asili ni kusimama mpaka ije dalili ya kuamrisha. Hakuna anayeruhusiwa kuongeza rakaa ya tano katika adhuhuri kwa kuwa siku hiyo ana nafasi na moyo wake umechangamka. Akiongeza makusudi amebatilisha hata zile nne. Afisa naye, kwa namna fulani, yumo katika hali hiyo ya pili. Bidii yake haimzidishii mamlaka.

Hapo ndipo watu hushtuka, kwa sababu tumezoea kupima uamuzi wa mkubwa kwa nia yake. Tunasema: lakini alikusudia mema. Chukueni kisa cha Fulham, kitongoji cha London, kilichoamuliwa mwaka 1921. Sheria za karne iliyotangulia zilikuwa zimeziruhusu halmashauri za miji kujenga nyumba za kufulia, ili watu maskini wasio na maji ya kutosha majumbani waende kufua nguo zao wenyewe. Halmashauri ya Fulham ikaona isaidie zaidi. Ikaanzisha utaratibu wa mtu kuacha mfuko wake wa nguo, wafanyakazi wa halmashauri wakazifua, kisha akarudishiwa zikiwa safi kwa malipo. Nani angeichukia huduma hiyo? Mama aliyechoka na kazi za mchana angeishukuru. Hata hivyo mlipa kodi mmoja alilipeleka jambo hilo mahakamani kupitia kwa Mwanasheria Mkuu, na mahakama ikalizuia. Sheria ilisema watu wafue. Haikusema halmashauri ifanye biashara ya kufua. Fedha zilizotumika zilikuwa za walipa kodi wote, na walipa kodi hao, kwa njia ya Bunge, hawakuwa wameziruhusu ziende huko.

Kisa hiki hakiko mbali nasi kama kinavyoonekana. Sheria za Tanzania zinasema mpaka leo kwamba misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza hutumika hapa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Kufua nguo kwa Fulham kulikuja mwaka mmoja tu baadaye, kutoka mizizi ileile.

Nasi Waislamu wa pwani hii tunao mfano wetu wa kale zaidi. Wanazuoni humwita mtu anayeuza mali ya mwenziwe bila ya idhini fudhuli, na hilo ndilo neno lililotuzalia fidhuli la Kiswahili, mtu mjeuri anayejiingiza yasiyomhusu. Wanazuoni wana ikhtilafu kuhusu mauzo yake. Kwa Mahanafi na Mamaliki mauzo hayo husimama yakingoja mwenye mali aridhie au akatae. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo ni batili tangu mwanzo, hata kama fudhuli aliuza kwa bei nzuri kuliko ambayo mwenyewe angeipata. Zingatieni hapo. Bei nzuri haikuponya kukosekana kwa idhini. Afisa ni wakili wa umma, na wakala wake umeandikwa katika sheria. Akitoka nje ya maandishi hayo, basi hata akiwa mchamungu na mwenye huruma, kwa tendo hilo amekuwa fidhuli ofisini.

Makosa ya namna hii huja kwa sura nyingi. Mara afisa hana kabisa uwezo anaojidai nao. Mara uwezo upo lakini ni wa mtu mwingine: sheria imesema waziri, akaamua katibu; imesema baraza la madiwani, akaamua mwenyekiti peke yake jioni kwa simu. Mara amekisoma kifungu vibaya. Mara sheria ilimtaka atazame mambo fulani kabla ya kuamua, naye hakuyatazama, au alitazama yasiyomhusu, kama vile chama cha mtu, kabila lake au ugomvi wa zamani. Sura iliyo ngumu kuikamata, na kwa maoni yetu ndiyo iliyoenea zaidi, ni ile ya afisa mwenye uwezo wa kweli anayeutumia kwa shabaha ambayo sheria haikuikusudia.

Mfano wake ulio maarufu Tanzania ni ule wa saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, katika vifungu vya 7 na 15, inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa kizuizini. Watu wengi husikia nusu hiyo tu ya sheria, na baadhi ya wakuu nao, yaonekana, waliisoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Nusu ya pili inasema uwezo huo ni kwa ajili ya mtu aliyetenda kosa la kukamatwa, au anayeelekea kuvunja amani au kuvuruga utulivu wa watu, na ambaye hapana njia nyingine ya kumzuia ila hiyo. Inamtaka mkuu aandike sababu zake. Inataka mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa hizo 48. Na mkuu anayeutumia uwezo huo vibaya anaweza mwenyewe kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya ofisi.

Sasa tupime. Muuguzi aliyechelewa kazini amevunja amani? Mwalimu aliyejibu swali mkutanoni kwa sauti isiyompendeza mkuu, amani ya nani imevurugika? Mkandarasi aliyechelewesha daraja anastahili kulaumiwa, pengine hata kudaiwa fidia, lakini mkataba wake una mahakama zake. Ukimweka ndani kwa sababu hiyo umechukua kisu cha jikoni ukakifanyia kazi ya msumeno. Kisu ni chako kweli, hakuna anayekataa. Kazi hii ndiyo hukukabidhiwa. Tuseme pia, kwa kuwa jambo hili ni la haraka, kwamba aliye kizuizini hangojei mapitio, kwani njia hiyo ni ndefu kwake. Ndugu zake waanze na dhamana, na ikishindikana, lipo ombi la Mahakama Kuu la kutaka mtu aletwe mbele yake na anayemshikilia aeleze sababu.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya, maana huko fungu hili la kwanza limegusa nyumba za Waislamu moja kwa moja. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kabla wiki haijaisha, Inspekta Jenerali wa Polisi alitangaza katika gazeti la serikali orodha ya watu na taasisi zaidi ya 80 zilizodaiwa kuhusishwa na al-Shabaab. Walipewa saa 24 kueleza kwa nini wasitangazwe rasmi kuwa hivyo. Ndani ya orodha zilikuwamo taasisi mbili za haki za binadamu za Mombasa zinazojulikana sana na Waislamu wa pwani, MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao zilifungwa. Taasisi ikifungiwa akaunti, kinachofungwa si daftari la benki tu. Ni mishahara, kodi ya pango na nauli ya shahidi anayetakiwa mahakamani Lamu kesho.

Wangeweza kwenda mahakamani na kusema tu: sisi si magaidi. Lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba wewe si kitu fulani ni mzito sana, na katika siku zile za msiba nani angesikiliza? Hoja yao ilikwenda pia kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 3, imegawa kazi hii hatua kwa hatua. Inspekta Jenerali akiwa na sababu za kutosha hupendekeza. Kabla ya kupendekeza humpa mhusika nafasi ya kujieleza. Kisha mwenye kutoa amri ni waziri. Inspekta Jenerali hakupewa kalamu ya kutia saini ya mwisho, na nafasi ya kujieleza huja kabla ya jina la mtu kuanikwa mbele ya taifa zima. Mwezi Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa, chini ya Jaji Emukule, iliamua kwamba kuwekwa kwa taasisi zile katika orodha kulikuwa kinyume cha sheria na katiba. Akaunti hazikufunguliwa siku ile. Ilibidi warudi mahakamani, na mwezi Novemba ndipo jaji alipoamuru zifunguliwe. Miezi saba, basi, kwa kosa ambalo lingeepukwa kama mtu mmoja angesoma kifungu kimoja mpaka mwisho. Shauri lile lililetwa kwa njia ya ombi la kikatiba, kama ilivyo kawaida Kenya tangu katiba ya mwaka 2010, lakini moyo wa hoja ni huuhuu tunaouzungumza.

Miaka miwili baadaye ikaja hukumu ya Dadaab, kambi iliyo kaunti ya Garissa ambayo wakazi wake wengi mno ni Wasomali waliokimbia vita. Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inaivunja Idara ya Masuala ya Wakimbizi na kwamba kambi itafungwa. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Nairobi alibatilisha yote mawili. Alikuwa na sababu kadhaa, zikiwamo ubaguzi na wajibu wa nchi wa kutomrudisha mkimbizi kwenye hatari. Sisi inatuvutia ile ndogo, karibu ya kuchosha: idara ile iliundwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Kilichoundwa na Bunge hakivunjwi kwa tangazo la waziri mbele ya waandishi wa habari. Waziri alitaka kuondoa ngazi ambayo si yeye aliyeijenga. Familia elfu nyingi zililala usiku ule zikiwa na pumzi, na hoja mojawapo iliyowapa pumzi ilikuwa ni ya nani ana uwezo wa kufuta nini.

Wapo miongoni mwetu wanaoona kumpeleka mtawala mahakamani ni utovu wa adabu, au kufungua mlango wa fitina. Tunaiheshimu tahadhari hiyo, ila haina mizizi mirefu kama inavyodhaniwa. Dola za Kiislamu zilikuwa na baraza la madhalimu, yaani la kusikiliza malalamiko dhidi ya magavana, wakusanya kodi na maafisa wengine, na Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alilitengea mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Saudi Arabia mpaka leo ina mahakama yenye jina hilohilo, Diwan al-Madhalim, na miongoni mwa sababu za kufuta uamuzi wa ofisi ya serikali huko ni kwamba aliyeamua hakuwa na mamlaka, amekwenda kinyume cha sheria, au ametumia vibaya uwezo wake. Njia nyingine, sehemu ileile. Kwenda kwa kadhi au kwa jaji ukiwa na karatasi mkononi ni kinyume cha fitina. Fitina huanza pale watu wanapokosa pa kwenda.

Na katika Tanzania katiba yenyewe, ibara ya 13(6)(a), inatambua haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya uamuzi wa mahakama au chombo kinginecho. Kwa hiyo anayekwenda anakwenda kwa mlango uliofunguliwa.

Mlango huo, hata hivyo, hufungwa mapema, na hapa tunaomba wazazi na wasimamizi wa misikiti na madrasa wasome kwa makini. Kwa kanuni za mwaka 2014 zinazoongoza mapitio ya kimahakama Tanzania Bara, ombi la kibali lazima lifikishwe Mahakama Kuu ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Miezi sita ni michache kuliko unavyodhani. Mwezi mmoja hupita kwa mshangao, wa pili kwa kumtafuta mtu anayemjua mtu, wa tatu na wa nne kwa ahadi za kuja wiki ijayo, wa tano ni Ramadhani. Tumeona familia zenye hoja nzuri kabisa zikipoteza kila kitu kwa sababu zilikuwa zikingoja upole wa ofisi ileile iliyozidhulumu. Subira ni ibada, lakini kalenda ya mahakama haiijui.

Hatua ya kwanza si wakili. Ni barua. Andikeni kwa ofisi iliyotoa amri, kwa heshima, mkiuliza mambo mawili tu: uamuzi umetolewa kwa sheria gani na kifungu kipi, na sababu zake ni zipi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mbaki nayo. Barua hiyo ina faida zaidi ya moja. Mara nyingine afisa akitakiwa kuandika kifungu hugundua hakipo, na jambo likaishia hapo bila ya kelele. Asipojibu, ukimya wake ni ushahidi. Na kama mnachotaka ni mahakama imlazimishe afisa atimize wajibu wake, basi tangu shauri la mfanyabiashara mmoja wa Bukoba aliyekuwa akidai mali zake, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya na kuripotiwa mwaka 1986, mahakama zetu hutaka kwanza muonyeshe kwamba mliomba na mkakataliwa. Asiyeomba hana cha kulalamikia. Kuhusu sababu, katika shauri la kampuni moja ya ndege dhidi ya Waziri wa Kazi, la mwaka 1996, Jaji Barnabas Samatta, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, alishikilia kwamba mwenye kuamua anapaswa kutoa sababu hata kama sheria husika haikumtamkia hivyo.

Mkifika kwa wakili atawaandalia maelezo na hati ya kiapo, kisha ataomba kibali. Katika hatua hiyo jaji haamui nani ana haki. Anatazama kama mna hoja ya kujadiliwa, kama jambo linawagusa kweli, kama mmekuja kwa wakati, na kama hakuna njia nyingine ya kufaa, kwa mfano rufaa kwa waziri ambayo sheria imeiweka na ninyi mmeiruka. Kibali kikitoka mna siku 14 tu za kufungua shauri lenyewe, na mnaweza kuomba utekelezaji usimame kwa muda. Wasio na uwezo wa kulipa waulize kuhusu msaada wa kisheria, ambao tangu mwaka 2017 una sheria yake. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hawawezi kusimama mahakamani kwa niaba yenu, ila wanaweza kuwasaidia na ile barua. Wasomaji wetu wa Zanzibar wana Mahakama Kuu yao na sheria zao, hivyo wasizichukue tarehe hizi kama zilivyo.

Msitishwe na maneno yanayokutwa mwishoni mwa sheria nyingi, kwamba uamuzi wa waziri au wa bodi ni wa mwisho. Mwaka 1968 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, katika shauri la kampuni iitwayo Anisminic, iliyopoteza mali zake Misri wakati wa vita vya Suez, iliamua kwamba maneno kama hayo hayaulindi uamuzi uliofikiwa nje ya mipaka ya sheria. Yanazuia rufaa. Hayawezi kugeuza kisichokuwa uamuzi kikawa uamuzi.

Lakini tusiwauzie matumaini kwa mizani iliyopinda. Ukishinda kwa fungu hili la kwanza, unachopata mara nyingi ni karatasi inayosema amri ile imefutwa. Hupewi kiwanja. Hupewi leseni. Jambo hurudi kwa mwenye mamlaka ya kweli, naye anaweza kuamua yaleyale, safari hii kwa kufuata sheria, na hapo huna la kusema. Genge la mama wa mboga linaweza kuvunjwa mara ya pili na halmashauri iliyokaa kikao, ikaandika muhtasari na kutoa notisi ya siku zinazotakiwa. Wapo mawakili wanaolificha hili kwa mteja mpaka siku ya hukumu. Sisi tunaona lisemwe mwanzo, ili familia ipime kama muda utakaopatikana, na nafasi ya kusikilizwa vizuri, vinastahili gharama. Mara nyingi vinastahili. Notisi ya siku 30 kwa mama yule ni mwezi mzima wa kutafuta kibanda kingine watoto wakiwa bado wanakula.

Inshaallah wiki ijayo tutaendelea na fungu la tatu katika yale ya Lord Diplock, la mtu kuhukumiwa bila ya kusikilizwa, ambalo baadhi yenu mmeliuliza kuhusu wanafunzi wanaofukuzwa shule. Wenye barua za aina hiyo watuletee nakala, wakibaki na zile halisi.